Kidude cha Gumba: Historia ya Kisu cha Mkono Mmoja

Nimekuwa kimya kwa muda kwa sababu ya kazi (mteja alibadilisha mawazo mara tatu katika wiki moja, na wenzangu wa fani hii mnajua maana yake). Leo sitaandika juu ya programu wala simu. Nitaandika juu ya kisu cha mfukoni.

Ngojeni kwanza, msiondoke! Kisa chenyewe kilianza Disemba nilipokwenda Wundanyi kumwona mjomba. Mjomba alipata kiharusi miaka minne iliyopita, na mkono wake wa kushoto haukupata nguvu tena. Hata hivyo anatembea, anafunga mbuzi, anakata miwa, anakagua migomba yake kila asubuhi kama zamani. Na mfukoni bado ana kisu chake cha kukunja, kile chenye mpini wa mbao. Tatizo ni kukifungua. Anauma ubapa kwa meno ya mbele, anavuta mpini kwa mkono wa kulia, kisu kinafunguka, na makali yanapita karibu na mdomo kiasi kwamba mimi niliyekuwa nikitazama nilifumba macho.

Nikamwambia, "Mjomba, siku moja utajikata ulimi."

Akanijibu, "Basi nitengenezee. Si wewe ndiye uliyesomea mashine?"

Nilisomea kompyuta, si mashine, lakini nenda kamweleze mjomba tofauti hiyo. Nikarudi Nairobi nikaanza kutafuta jibu la dakika tano, na kama kawaida yangu nikaishia kusoma kwa majuma mawili. Kumbe swali la mjomba lina historia ndefu: kisu kilichoundwa kwa mikono miwili kitafunguliwaje kwa mmoja? Ndani yake kuna wavumbuzi, askari wa miavuli, sinema, bunge la Marekani, na kidude kimoja kidogo cha chuma kisichofika ukubwa wa punje ya hindi.

Tuanze na kisu chenyewe. Visu vya kukunja si vya jana, Warumi walikuwa navyo. Muundo wake ni rahisi: kuna ubapa, kuna mpini wenye mfereji wa kuulaza ubapa, na kuna pini inayofanya kazi ya bawaba. Vingi vina springi bapa mgongoni mwa mpini. Springi hiyo inaubana ubapa ukae pale ulipo, uwe umefungwa au umefunguliwa. Ili uweze kuufungua, mtengenezaji anachimba mfuo mdogo ubavuni mwa ubapa, mahali pa kuingiza ukucha. Mkono mmoja unashika mpini, ukucha wa mkono wa pili unavuta ubapa. Joseph Opinel alipoanza kuunda kisu chake huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na Karl Elsener aliposajili kisu cha maofisa huko Uswisi mwaka 1897, wote wawili walikuwa wanafikiria mtu mwenye mikono miwili na kucha nzuri. (Opinel ana ujanja wake, lakini. Mbao ikivimba kwa maji na ubapa ukagoma kutoka, wenyeji wa Savoie hugonga kitako cha mpini juu ya kitu kigumu na ubapa unachomoza wenyewe. Ndiyo ile dawa yetu ya kupiga televisheni kofi.)

Kwa sisi waandishi wa programu, mfuo wa ukucha ni ile dhana ambayo hakuna aliyeiandika popote kwa sababu kila mtu aliona ni dhahiri. Dhana ya namna hiyo huonekana tu siku anapokuja mtumiaji asiyelingana nayo.

Na watumiaji wasiolingana nayo walikuwepo tangu zamani. Maarufu kuliko wote ni Nelson, amiri jeshi wa baharini wa Uingereza, aliyepoteza mkono wa kulia katika shambulio la Tenerife mwaka 1797. Alikuwa na kifaa cha mezani kilichounganisha kisu na uma, ili akate na kula kwa mkono wake wa kushoto. Mpaka leo vifaa vya aina hiyo huitwa visu vya Nelson. Lakini hicho ni kisu cha mezani, na Nelson alikuwa na wa kumhudumia. Mtu wa kawaida aliyekuwa porini au juu ya ngazi aliendelea kutumia meno.

Jibu la kwanza kubwa lilikuwa la springi. Miaka ya 1890 huko Marekani, George Schrade alisajili hataza za kisu chenye kitufe mpinini. Ukibonyeza kitufe, springi iliyobanwa ndani inaachiliwa na ubapa unaruka nje wenyewe. Msomaji wa leo akisikia hivyo anafikiria majambazi, lakini mwanzoni visu hivyo viliuzwa kama zana ya kawaida, kwa wakulima, kwa wavuvi, hata kwa wanawake wa kushona, kwa sababu ile ile ya kucha kuvunjika. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, majeshi yaliona faida yake. Wajerumani walikuwa tayari na kisu cha askari wa miavuli cha mwaka 1937 ambacho hakikuwa na springi ya kufungulia: unabonyeza wenzo, unakiinamisha chini, na ubapa unateleza nje kwa uzito wake. Wamarekani nao waliwapa askari wao wa miavuli kisu cha kitufe kilichoitwa M2. Fikiria askari ametua juu ya mti, ananing'inia kwa kamba za mwavuli, mkono mmoja umenaswa. Huyo hana nafasi ya mfuo wa ukucha.

Baada ya vita mambo yaligeuka. Mwaka 1950 jarida moja la akina mama wa nyumbani huko Marekani, Woman's Home Companion, lilichapisha makala iliyokiita kisu cha kitufe mwanasesere anayeua. Kisha zikaja sinema. Mwaka 1955 vijana wa Rebel Without a Cause walipigana kwa visu hivyo, na mwaka 1957 katika 12 Angry Men kisu cha kitufe ndicho kilikuwa ushahidi mezani. Wanasiasa hawakukawia. Jimbo la New York lilipiga marufuku visu vya kitufe mwaka 1954, na Agosti 12, 1958, sheria ya Marekani nzima ikapitishwa. Uingereza ikafuata mwaka 1959.

Sasa hapa ndipo panaponifurahisha mimi kama mtu wa kusoma maelezo ya mifumo. Sheria ya 1958 haikupiga marufuku kufungua kisu kwa mkono mmoja. Ilieleza kwa makini kitu kilichokatazwa: kisu ambacho ubapa wake hufunguka wenyewe kwa kubonyeza kitufe au kifaa kingine kilichoko kwenye mpini, au kwa nguvu ya mrusho au ya mvutano wa dunia. Soma tena. Kwenye mpini. Je, kifaa kikiwa kwenye ubapa wenyewe, na kidole ndicho kinachousukuma mwanzo hadi mwisho bila springi? Hapo sheria ilikuwa kimya, na biashara nzima ya miaka sitini iliyofuata ilijengwa ndani ya ukimya huo.

Kuna kifungu kingine humo ambacho nilikisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Waliotunga sheria walikumbuka kina mjomba! Sheria inaruhusu mtu mwenye mkono mmoja tu kuwa na kisu cha kitufe mfukoni, mradi ubapa usizidi inchi 3, yaani milimita 76. Ni wema wa kweli, na bado upo katika sheria mpaka leo. Lakini tazama jinsi ulivyoandikwa. Anaruhusiwa kuwa nacho na kutembea nacho, ila hakuna kifungu kinachomruhusu mtengenezaji kumuuzia kutoka jimbo lingine. Na inasema mwenye mkono mmoja tu. Mjomba wangu ana mikono miwili, ila mmoja haufanyi kazi. Kwa herufi za sheria, angehesabiwa mzima. Nimewahi kuandika masharti kama hayo katika programu: unajisikia umefikiria kila kitu, mpaka mtumiaji wa kwanza anapopiga simu.

Haya, tusonge mbele. Mwaka 1964 kampuni ya Buck, iliyokuwa San Diego wakati huo, ilitoa kisu cha kukunja kiitwacho 110. Kama umewahi kuona kisu cha kukunja chenye mpini wa mbao nyeusi na ncha za shaba nzito, kikiwa ndani ya kifuko cha ngozi kiunoni mwa mwindaji kwenye sinema, basi ni hicho au nakala yake. Ubapa wake una milimita 95 hivi, na kina uzito wa karibu gramu 200. Sifa yake kubwa ni kufuli la mgongoni: ukishafungua, wenzo ulioko mgongoni mwa mpini unaingia kwenye mtaimbo wa ubapa na kisu hakiwezi kukukunjikia vidoleni mpaka ubonyeze wenzo huo. Kilikuwa na nguvu karibu kama kisu kisichokunjwa. Kilinunuliwa kwa mamilioni na kuigwa dunia nzima.

Lakini bado kilikuwa na mfuo wa ukucha. Mikono miwili.

Hapo ndipo kidude chetu kinapoingia. Kufikia miaka ya 1980 wamiliki wa Buck 110 huko Marekani waliweza kununua kifaa kidogo cha kuongeza wenyewe. Kilichojulikana zaidi kiliitwa Flicket. Ni kibano kidogo cha chuma: unakivisha juu ya mgongo wa ubapa, unakaza skrubu, na sasa ubapa una kinundu kinachotokeza pembeni ambacho dole gumba linaweza kukisukuma. Hakuna kutoboa, hakuna kuchomelea. Ukikichoka unakitoa, na kisu kinabaki kama kilivyotoka kiwandani. Vingine vya aina hiyo vilifuata, vya visu vya ukubwa mbalimbali.

Kwa lugha yetu, hiyo ni plagini. Kampuni haijakuletea kipengele unachotaka, mtu wa nje ameona pengo, ametengeneza kipande kinachojishika kwenye mfumo uliopo bila kuugusa moyo wake.

Na kama plagini zote, ilikuwa na matatizo yake. Ngoja niyaeleze kidogo maana ndiyo yaliyonisumbua hata mimi. La kwanza ni mahali pa kukiweka. Kinundu ni wenzo, na pini ya kisu ndiyo mhimili. Kikikaa milimita 10 kutoka kwenye pini, gumba litasafiri milimita 31 tu kuugeuza ubapa nusu duara, lakini utasukuma kwa nguvu nyingi. Kikae milimita 20, nguvu inapungua nusu, ila safari inakuwa milimita 63, na hapo gumba la mtu wa kawaida linaanza kuishiwa. Ukisogea mbele zaidi unaanza vizuri, halafu katikati ya njia gumba halifiki tena na unalazimika kumalizia kwa kurusha kiganja. Kwenye Buck huwezi kukisogeza nyuma utakavyo, kwa sababu sehemu ya ubapa iliyo karibu na pini imefunikwa na shaba ya mpini. Isitoshe, springi ya kufuli la mgongoni inapendelea kuurudisha ubapa ndani mpaka uvuke kiasi fulani, kwa hiyo nguvu kubwa inahitajika mwanzoni kabisa, pale pale gumba linapokuwa limekunjika vibaya.

La pili ni kushika. Ubapa ni mnene mgongoni na mwembamba kuelekea makali, kama kabari. Kibano kinachobana kabari kina hamu ya kuteleza. Ukikaza sana skrubu unakwaruza chuma, usipokaza kinahama. La tatu ni kifuko: kilikatwa kulingana na kisu kitupu, sasa kuna kitu kinachotokeza na kunasa kwenye ngozi. Wenye visu hivyo walivumilia yote hayo. Mwezeka paa, mfungaji wa boti, muuguzi wa ajali barabarani, wote hao mkono wao mmoja huwa umeshika kitu ambacho hakiwezi kuachwa.

Wakati plagini zinauzwa, mtu mmoja huko Golden, Colorado, alikuwa amefikiria upya mfumo wenyewe. Sal Glesser na kampuni yake ya Spyderco walitoa kisu cha kwanza mwaka 1981, kiitwacho Worker. Badala ya kuongeza kitu kwenye ubapa, Glesser alipunguza. Alitoboa tundu la duara. Nyama ya dole gumba inaingia kidogo kwenye ukingo wa tundu na kupata pa kushikia, basi unasukuma. Tundu halilegei, halidondoki, halina skrubu, na linafanya kazi sawa kwa wa kulia na wa kushoto. Kisu hicho hicho kilikuwa na klipu ya kukishikiza mdomoni mwa mfuko, ili usilazimike kuchimbua funguo na sarafu kukitafuta. Hataza ya tundu ilikwisha muda wake zamani, lakini kampuni ilikuwa imelisajili tundu la duara kama nembo yake ya biashara, na nembo haina mwisho kama hataza. (Wanasheria wa programu, chukueni kalamu.)

Watengenezaji wengine walichukua njia ya kinundu, safari hii kikiwa kimefungwa tangu kiwandani. Mafundi walitoboa ubapa kabla ya chuma kukomazwa, wakapitisha kijiti chenye vichwa pande mbili. Mwaka 1998 kampuni ya Leatherman ilitoa zana yake ya Wave yenye bapa za nje zinazofunguka kwa mkono mmoja, na mafundi wengi wa mitandao mnaijua. Hata jeshi la Uswisi lilibadilisha kisu chake cha askari: toleo lililoanza kugawiwa mwaka 2009 lina tundu refu kwenye ubapa mkubwa. Zaidi ya miaka mia moja ya mfuo wa ukucha, kwisha.

Kuna kisa kimoja lazima nikisimulie kwa sababu ndicho kisa cha kihandisi ninachokipenda kuliko vyote hapa. Ernest Emerson, mtengenezaji wa California, aliweka kwenye mgongo wa ubapa ndoana ndogo iliyopinda kama wimbi. Kusudi lake la awali lilikuwa kuzuia ubapa wa adui. Kumbe ukikivuta kisu kutoka mfukoni, ndoana inanasa kwenye pindo la mfuko na kisu kinatoka kikiwa kimeshafunguka! Alipata hataza mwaka 1999. Yaani kile ambacho wenye Flicket walikiona kama kero, kunasa kwenye kitambaa, kwake kikawa ndiyo kazi yenyewe.

Sasa wenye visu vya Spyderco wakaona wivu. Ndoana hawana, lakini tundu wanalo. Wakachukua ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, ile unayonunua kwa shilingi chache Luthuli Avenue, wakaipitisha kwenye tundu, wakaikaza mgongoni mwa ubapa kichwa chake kikiwa juu, wakakata mkia. Tayari! Kichwa cha kamba kinanasa mfukoni na kisu kinafunguka. Kifaa chenye hataza kimeigwa kwa kipande cha plastiki. Nilipoiona picha yake nilicheka peke yangu ofisini.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja hatua nyingine. Ken Onion wa Hawaii, akifanya kazi na kampuni ya Kershaw, aliweka ndani ya mpini chuma chembamba kinachosokotwa. Unaanza kusukuma kinundu kwa gumba, springi inaubana ubapa ukae ndani mpaka ufike pembe fulani, halafu ile ile inageuka kukusaidia na ubapa unamalizia safari wenyewe. Ni kisu cha kitufe bila kitufe. Mwaka 2009 idara ya forodha ya Marekani ilijaribu kusema kwamba visu hivyo ni vile vilivyokatazwa mwaka 1958, na kwa maneno waliyotumia, hata kisu cha kinundu tu kingeweza kuingia mtegoni. Watengenezaji walipiga kelele, na Oktoba mwaka huo huo Bunge likaongeza msamaha mpya: kisu chenye springi au kizuizi kinachoelekeza ubapa kufunga, na kinachohitaji nguvu ya mkono kwenye ubapa ili kuushinda mwelekeo huo, si kisu cha kitufe. Mtu aliyeandika sentensi ile hakika alikaa na fundi.

Lakini si kila mahali hadithi iliishia hivyo. Katika jimbo la New York kulikuwa na sheria nyingine ya mwaka 1958, ya visu vinavyofunguka kwa uzito wao, ikilenga vile vya askari wa miavuli wa Kijerumani. Polisi wa jiji waliipima kwa kurusha kiganja: kisu cha kawaida chenye kinundu kikifunguka kwa mrusho, hata baada ya majaribio kadhaa, mwenyewe anakamatwa. Gazeti la Village Voice mwaka 2014 lilikadiria kwamba huenda watu 60,000 walikumbwa na kosa hilo katika miaka kumi. Wengi walikuwa Weusi na Walatino, na wengi walikuwa watu wa kazi za mikono, wapishi, mafundi umeme, wapakuaji wa bohari, waliobeba kisu kilichonunuliwa dukani peupe. Mwezi Machi 2019 jaji wa mahakama ya shirikisho aliona sheria hiyo haieleweki vya kutosha katika kesi ya mpishi mmoja aliyekamatwa kwenye kituo cha treni, na mwezi Mei mwaka huo ikafutwa kabisa. Miaka sitini na moja! Kitu kile kile kilichomsaidia mtu kufanya kazi kwa mkono mmoja ndicho kilichomtia pingu mikono yote miwili.

Ujerumani nayo ilikwenda upande wake. Tangu Aprili 1, 2008, huruhusiwi kutembea hadharani na kisu kinachofunguliwa kwa mkono mmoja na kujifunga kufuli, isipokuwa una sababu inayokubalika kama kazi. Matokeo yake yanachekesha: Marekani watu walinunua vinundu ili waviongeze, Ujerumani watu wakashika bisibisi kuvitoa, na kampuni zikaanza kuuza visu vile vile bila kinundu. Uingereza ilipanua maana ya kisu cha kurusha kwa sheria ya 2019 iliyoanza kutumika kwa visu hivi mwaka 2021, na vile vya kusaidiwa na springi vikaingia humo. Sisemi kwamba serikali hizo hazina sababu. Visu vinaua vijana London, hilo si la kubishana. Ila ukiangalia tarehe zote hizi utaona watunga sheria wanapima jinsi kisu kinavyofunguka, kwa sababu kupima moyo wa anayekifungua hakuna kipimo.

Na Buck? Mwaka 2017, miaka 53 baada ya toleo la kwanza, kampuni ilitoa 110 yenye kitufe rasmi. Matoleo mengine yenye vinundu vya gumba vya kiwandani yakafuata. Plagini imeingizwa kwenye mfumo. Kama wenye miradi ya programu mnavyojua, haichukui muda mrefu.

Sasa turudi kwa mjomba. Jaribio langu la kwanza lilikuwa baya. Nilinunua kisu kama chake, nikampelekea fundi mmoja wa jua kali hapa Nairobi anitobolee tundu la Glesser. Keekee ya kawaida iliteleza juu ya ubapa ikitoa mlio tu, maana chuma kilichokomazwa kinakaribia ugumu wa keekee yenyewe. Fundi hakukata tamaa. Aliwasha moto wa gesi, akauchoma ubapa mpaka ukawa na rangi za upinde wa mvua, akatoboa kwa urahisi kabisa, akanipa huku akitabasamu. Tundu lilikuwa zuri sana. Kisu kilifunguka kwa mkono mmoja. Halafu nikakata chungwa matatu na makali yakaisha, kwa sababu joto lile lilikuwa limefuta ukomavu wote wa chuma. Kosa ni langu, ningesoma kwanza.

Jaribio la pili nikarudi kwenye falsafa ya Flicket. Nilichukua konekta ya nyaya za umeme, ile ya plastiki nyeupe yenye vipande vya shaba ndani. Nikatoa kipande kimoja cha shaba, nikakikata mfereji kwa msumeno wa chuma, nikautanua kwa tupa mpaka ukaingia juu ya mgongo wa ubapa. Skrubu zake mbili ndogo ndizo zinazobana. Kati ya skrubu na chuma niliweka kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli ili kabari isiteleze. Nilikipima kwenye kisu changu kwanza: milimita 17 kutoka kwenye pini ndipo gumba langu lilipopendelea. Gumba la mjomba ni fupi, kwa hiyo nilijua nitasogeza.

Jambo moja lilinizuia kumpa mara moja. Kisu chake hakina kufuli, kina springi tu, na mwenye mkono mmoja kisu kikimkunjikia vidoleni hana mkono wa pili wa kukifungua. Kwa hiyo nilimnunulia kingine chenye kufuli la mgongoni, nakala ya Buck ya bei nafuu, nikafunga shaba yangu juu yake. Kwa kisu hicho kufunga pia kunawezekana: unabonyeza wenzo kwa gumba, unakisukuma mgongo wa ubapa dhidi ya paja. Nilifanya mazoezi ya hilo na ubapa uliofungwa gundi ya karatasi kabla ya kujaribu kweli, na nakushauri nawe ufanye hivyo.

Pasaka nikapanda gari la Voi. Mjomba alikipokea, akakigeuza, akakiangalia kile kipande cha shaba kwa muda mrefu. Akasukuma kwa gumba. Mara ya kwanza kiligoma nusu njia. Nikatoa bisibisi, nikasogeza milimita mbili nyuma, nikakaza. Akasukuma tena, tak, kikafunguka na kufuli likaingia.

Akakifunga kwenye paja, akakifungua, akakifunga, akakifungua. Kisha akanyanyuka bila kusema neno akaenda kwenye miwa.